Tamthilia za Televisheni Amani: Kwa Nini Nakala Isiyo na Idhini Hupatikana kwa Wepesi Kuliko Iliyo Halali

Swali linalochunguzwa katika makala haya laonekana dogo, lakini mizizi yake ni mirefu. Mtu akaaye Amani, katika Usambara ya Mashariki, akitaka kutazama tamthilia ya televisheni iliyotengenezwa Korea, Uturuki au Marekani, ana njia mbili mbele yake. Ya kwanza ni njia ya halali: kununua ruhusa ya kuitazama kwa mwenye mali au kwa wakala wake. Ya pili ni kupata nakala iliyopakuliwa kutoka intaneti bila idhini ya mwenyewe, ikatiwa katika flashi au katika kadi ya simu. Watu wengi hufuata njia ya pili, wala hawaifuati kwa siri.

Jibu la kawaida ni kwamba wafanya hivyo kwa sababu hawataki kulipa. Jibu hilo halitoshi, maana mtu huyo hulipa. Humlipa mwenye duka aliyemtilia tamthilia, na akirudi wiki ijayo kwa sehemu zilizosalia hulipa tena. Mtu atoaye fedha kila wiki hawezi kuambiwa kuwa ataka vitu vya bure. Lililo kweli ni kwamba fedha yake haimfikii mwenye mali, na yatupasa tuulize ni kitu gani kinachoizuia njiani. Nadhani vizuizi ni vitatu: mahali, namna ya kuuza, na lugha. Viwili vya kwanza wataalamu wa biashara na wa mitambo wamezoea kuvitaja. Cha tatu hakitajwi sana, nacho ndicho kituhusucho sisi tulio wanafunzi wa Kiswahili. Kwa hiyo nitapita upesi katika viwili vya mwanzo, na kukaa zaidi katika cha tatu.

1. Njia mbili zilivyo

Amani ipo mlimani, kiasi cha meta 900 juu ya usawa wa bahari, kilometa zipatazo 35 kutoka mji wa Muheza. Wajerumani walianzisha hapo kituo cha utafiti wa mimea na kilimo mwaka 1902, na hata leo jina la Amani lajulikana kwa wanasayansi wa nchi nyingi kuliko majina ya miji mikubwa ya mkoa wa Tanga. Lakini kujulikana kwa mahali si kufikiwa kwake. Barabara yapanda kwa kona nyingi kutoka Sigi, na wakati wa masika hupitika kwa taabu. Vijiji vimekaa katika mikunjo ya milima, baina ya msitu na mashamba ya chai, na mawimbi ya simu hushika juu ya kilima yakapotea bondeni.

Hadi mwaka 1994 Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hata kimoja. Tangu mitambo ya zamani ilipoanza kuzimwa, kwanza Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, mtu atakaye televisheni sharti awe na king'amuzi. Na penye milima kama hii king'amuzi chenyewe chataka dishi. Mwenye dishi hulipa ada ya mwezi, naye hutazama kile ambacho mwenye kituo amependa kuonyesha, kwa saa aliyoipanga mwenye kituo. Aliye shambani saa hiyo, au ambaye umeme umemkatikia, sehemu hiyo imempita.

Njia ya intaneti yaonekana kuwa bora, maana humpa mtu hiari ya kuchagua. Mwezi Januari 2016 kampuni ya Netflix ilifungua huduma yake kwa wakati mmoja katika nchi zaidi ya 130, Tanzania ikiwa miongoni mwao. Tangu siku hiyo mtu wa Amani ana haki ya kununua sawasawa na mtu wa London. Haki anayo, tazama sasa ni nini kinachotakiwa ili aitumie. Yataka anwani ya barua pepe. Yataka kadi ya benki ikubaliwayo na wauzaji wa ng'ambo, au kadi ya namna hiyo itolewayo na kampuni ya simu. Yataka fedha ya mwezi mzima kwa mara moja, hata kwa mtu ambaye atapata saa sita tu za kutazama katika mwezi huo.

Juu ya hayo kuna gharama ya intaneti yenyewe. Kwa hesabu ya Netflix wenyewe, saa moja ya picha ya wastani hula kiasi cha gigabaiti 0.7, na ya picha safi hufika gigabaiti 3. Tamthilia za Kikorea mara nyingi huwa na sehemu 16, kila sehemu kiasi cha saa moja. Basi tamthilia moja hula zaidi ya gigabaiti 11 kwa picha ya wastani, na 48 kwa picha safi. Watu wanne katika kijiji kimoja wakitazama tamthilia ileile kwa simu nne, gharama hiyo hulipwa mara nne. Na bado mawimbi hukatika pale hadithi inapokolea.

Tena, haki za kuonyesha tamthilia huuzwa nchi kwa nchi. Tamthilia iliyomo katika orodha ya Uingereza huenda isiwemo katika orodha ya Tanzania, na huenda msimu wa kwanza ukawa kwa muuzaji mmoja na wa pili kwa mwingine. Mnunuzi haambiwi sababu. Huambiwa tu kwamba haipo.

Njia ya pili ni hii. Mtu mmoja mjini, mwenye kompyuta na bando la usiku lenye bei nafuu, huipakua tamthilia nzima mara moja. Hunakiliwa katika diski kubwa, na diski hupanda basi au pikipiki. Mwenye duka la mlimani, ambaye pengine huchaji simu na kuuza vocha, huinakili katika flashi ya kila ajaye. Gharama ya intaneti imelipwa mara moja tu. Nakala ya mia haina gharama kuliko ya kwanza. Mnunuzi huchomeka flashi katika redio yake au televisheni yake, akatazama saa aipendayo, akarudia, akamwazima jirani. Akitaka sehemu mbili tu hununua mbili. Asiyekuwa na fedha leo hukopeshwa, kwa kuwa wajuana. Picha ikikwama humrudia mwenye duka, naye humtilia nyingine.

Ukizilinganisha njia hizi mbili utaona kwamba ya pili haishindi kwa bei peke yake. Yashinda kwa sababu imekatwa kwa kipimo cha maisha ya mnunuzi. Sukari nayo huuzwa mlimani kwa vipimo vidogo, na mafuta ya kupikia kadhalika. Wala hakuna asemaye kwamba anunuaye robo hataki kulipa kilo.

2. Sarufi ya maduka mawili

Lugha ya njia hizi yathibitisha hayo, nayo yastahili kuangaliwa kwa makini.

Neno lililokubaliwa na wataalamu kwa jambo hili ni kupakua. Ni neno zuri, maana halikutungwa upya bali limetwaliwa katika kazi za zamani. Pakia na pakua ni jozi ya namna ya funga na fungua, ziba na zibua: kiambishi -u- chageuza maana ya kitenzi kuwa kinyume chake. Shehena hupakiwa chomboni ikapakuliwa pwani, na chakula hupakuliwa chunguni. Hivyo kile kitokacho katika mitambo ya mbali kikafika katika kompyuta yetu hupakuliwa, na kiendacho huko hupakiwa.

Lakini sikiliza maneno ya dukani, mlimani na hata mjini: neno kupakua halisikiki sana. Mnunuzi husema, "Niwekee ile ya Kikorea, iliyotafsiriwa." Au, "Nirushie kwa simu." Akieleza kwa mwenzake husema, "Nimewekewa yote, mpaka ya mwisho." Vitenzi vyote hivi vimo katika kauli ya kutendea au ya kutendewa: weka, wekea, wekewa, rusha, rushia, rushiwa. Kauli hiyo yahitaji watu wawili, mtenda na mtendewa. Hapo twaona kwamba swali letu, likiulizwa kwa neno kupakua, laficha jambo. Wapakuao ni wachache sana. Wawekewao ni wengi. Mtu wa Amani hapakui chochote. Hutendewa na mtu amjuaye.

Sasa soma maagizo ya njia ya halali, yale yaliyokwisha kutiwa katika Kiswahili: Jisajili. Jiunge. Ingiza namba ya kadi. Ingiza nywila. Thibitisha. Yote ni amri, na yale ya mwanzo yana kiambishi ji-, chenye kumrudishia mtu kitendo chake mwenyewe. Hapana mtendewa. Mnunuzi ndiye mtenda, ndiye karani, ndiye mshika fedha na ndiye fundi wa mambo yakiharibika. Duka la mlimani hunena kwa kauli ya kutendea. Duka la ng'ambo hunena kwa kauli ya kujitenda. Sidai kwamba sarufi ndiyo sababu ya watu kuchagua. Nasema kwamba sarufi yaonyesha wazi ni nani anayefanya kazi katika kila duka.

Neno jingine ni orijino. Kwa mwanasheria, nakala ya asili ni ile iliyotoka kwa mwenye haki. Dukani orijino mara nyingi ni ile yenye picha safi, na kopi ni ile yenye picha ya ukungu, pengine iliyoibwa kwa kamera ndani ya jumba la sinema. Nakala iliyopakuliwa bila idhini, ikiwa safi, huitwa orijino bila kusita. Neno limehama kutoka katika uhalali likaingia katika ubora, na mwanasheria na mnunuzi wakilitumia katika mazungumzo hawaelewani hata kidogo.

3. Sauti ya Kiswahili

Nafika sasa kwenye kizuizi cha tatu. Katika maneno ya mnunuzi niliyoyataja, neno lenye uzito kuliko yote ni "iliyotafsiriwa". Katika maduka haya bidhaa zimegawanyika mafungu mawili: zisizotafsiriwa, na zilizotiwa sauti ya Kiswahili na mfasiri. Fungu la pili ndilo lipendwalo na watu wazima, na watoto, na wote ambao Kiingereza chao ni cha darasani tu. Fungu hilo muuzaji wa halali, ila mara chache, hanalo. Hata pale ambapo maagizo ya ukurasa wake yametiwa Kiswahili, maneno ya wahusika hayakutiwa isipokuwa katika kazi chache mno. Hivyo shindano si baina ya kitu kilekile kwa bei mbili. Ni baina ya kitu kinachoeleweka na kisichoeleweka.

Desturi ya kuleta sinema kwa sauti ya msimulizi si ngeni katika milima hii. Mwaka 1935 ulianzishwa Vugiri, upande wa Korogwe wa milima ya Usambara, mradi wa sinema za elimu kwa Waafrika, chini ya L. A. Notcutt na G. C. Latham. Hadi mwaka 1937 ulikuwa umetengeneza picha zipatazo 35, za kilimo, afya, posta na mambo kama hayo, na kuzizungusha kwa gari katika nchi za Afrika Mashariki na ya Kati. Picha zenyewe zilikuwa na upungufu mwingi, na mawazo ya waliozitunga juu ya Waafrika hatuwezi kuyasifu leo. Lakini katika jambo moja waliona mbele. Sauti haikupigwa juu ya utepe wa picha. Ilitiwa katika santuri, mbali na picha, ili picha moja iweze kusemwa kwa lugha nyingi kwa kubadili santuri tu. Walijua kwamba picha isiyo na lugha ya mtazamaji haijafika. Katika miaka ya 1950 zikafuata sinema zilizochezwa kwa Kiswahili chenyewe, kama Muhogo Mchungu, ambayo Rashidi Kawawa, aliyekuja kuwa Waziri Mkuu mwaka 1962, alikuwa mchezaji wake mkuu.

Zilipoenea kanda za video, na vibanda vya kuzionyesha vikajaa mijini na vijijini, ndipo sauti ile ilipochukuliwa na watu wasiotumwa na serikali wala na misheni. Aliyejulikana kuliko wote Dar es Salaam alikuwa Derek Gaspar Mukandala, aitwaye Lufufu. Alianza kwa kusimulia mbele ya watazamaji, baadaye akauza kanda zilizokwisha kutiwa sauti yake. Kenya amepata umaarufu wa namna hiyo DJ Afro. Uganda kazi hii ina wafanyaji wengi kwa Kiganda. Matthias Krings, mwanaanthropolojia wa Chuo Kikuu cha Mainz, ameandika makala juu ya kazi ya wasimulizi wa Tanzania, akaifananisha katika kichwa cha makala hayo na kugeuza wali kuwa pilau.

Mfano huo wafaa sana. Msimulizi hafasiri neno kwa neno. Sauti za wahusika husikika chini, na yeye hupita juu yake, mara akinena kwa nafsi ya tatu, "binti anamwambia baba yake," mara akiingia ndani ya mhusika na kusema maneno yake mwenyewe. Hutoa majina: mhusika mkuu ni steringi, polisi ni afande, jumba la mfalme ni ikulu. Mambo ya posa na ndoa ya nchi ya mbali huyapitisha katika mahari, mshenga na radhi ya wazazi. Penye kimya kirefu yeye hujaza: hueleza yaliyopita, huonya juu ya yajayo, humcheka mwovu. Mwenye kujua fasihi simulizi hatakosa kumtambua humo mtambaji wa hadithi, ila tu kwamba ngano yake ameletewa tayari ikiwa na picha. Hiyo ni kazi ya lugha, yenye ustadi, nayo hufanywa kila siku pasipo kamusi, pasipo mhariri, na pasipo jina lake kuandikwa popote penye heshima.

Kwamba njia ya halali nayo yaweza kufanya hivyo, imekwisha kuonekana. Mwaka 2011 Televisheni ya Taifa, TBC, ilionyesha tamthilia ya Kichina ya Doudou na Mama Wakwe Zake ikiwa imetiwa Kiswahili, na Rais Xi Jinping aliitaja katika hotuba yake ya Dar es Salaam mwezi Machi 2013. Azam TV, iliyoanza Desemba 2013, imeonyesha tamthilia ya Kituruki ya Sultan kwa sauti za Kiswahili. Kazi hizi ziliingia katika mazungumzo ya watu, na waliozitazama walilipa ada. Hapo hapakuwa na mahubiri juu ya wizi. Palikuwa na Kiswahili.

4. Nakala na milki

Yafaa sasa tuulize watu walionavyo jambo hili kwa upande wa haki. Magazeti huliita uharamia, neno lililozoewa kwa wanyang'anyi wa baharini. Sheria hutumia neno hakimiliki, na pamoja nalo hakishiriki kwa haki za wachezaji na watangazaji. Miliki ni neno la shamba na nyumba: ukinyang'anywa huna tena. Lakini aliyenakili tamthilia hakumwacha mwenyewe bila tamthilia, na ndiyo maana neno hili humwingia mwanasheria upesi kuliko mwanakijiji.

Katika mapokeo yetu kunakili kulikuwa kazi ya heshima. Tenzi za pwani zimetufikia kwa sababu watu walizinakili kwa mkono, na mwandishi wa nakala hakuombwa kibali na warithi wa mtunzi. Muhamadi Kijuma wa Lamu aliandika nakala nyingi za tenzi kwa ajili ya wataalamu wa Ulaya, nasi twamshukuru mpaka leo. Alilipwa kwa kazi ya mkono wake, kama vile mwenye duka alipwavyo kwa kazi ya kutia. Watu wa Usambara wana mifano iliyo karibu zaidi. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire aliokota katika nchi hii ua dogo la rangi ya zambarau, akalipeleka kwao Ujerumani. Mwaka uliofuata likapewa jina lake, Saintpaulia, na leo huuzwa katika vyungu duniani kote. Hakuna aliyeulizwa bei. Mwaka 1893 Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. Ni 62 tu iliyofika Tanga ikiwa hai, na mashamba ya mkonge ya nchi hii yametokana na hiyo. Kitu kizaacho nakala chake chenyewe kimekuwa daima kigumu kukifungia ndani ya ua, na wenye nguvu hawakuona haya kukichukua kilipowafaa.

Siyasemi haya ili kuhalalisha lililokatazwa. Sheria ni wazi. Tanzania iliingia katika Mkataba wa Berne mwaka 1994, na tangu hapo kazi za wageni walio katika mkataba huo zina ulinzi hapa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, namba 7 ya mwaka 1999, iliyoshika mahali pa ile ya mwaka 1966, humpa mtunzi haki ya kunakili, ya kusambaza na ya kutafsiri katika maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2003. Angalia kwamba kutafsiri kumetajwa pekee. Hivyo msimulizi wetu ana makosa mara mbili, kwa nakala na kwa tafsiri. Lakini sheria hiyohiyo huihesabu tafsiri kuwa kazi yenye kulindwa kwa haki yake, pasipo kuathiri haki ya kazi ya asili. Msimulizi basi ni mvunja sheria na mtunzi kwa pumzi moja: hana ruhusa ya kufanya alilolifanya, na alilolifanya ni kazi ya akili yake.

Wataalamu wa lugha na wajue pia kwamba sheria ya kimataifa ilikwisha kulifikiria jambo hili zamani. Nyongeza ya Mkataba wa Berne iliyokubaliwa Paris mwaka 1971 iliruhusu nchi zinazoendelea kutoa leseni za tafsiri, kwa malipo, pale ambapo mwenye kazi hakuitoa tafsiri kwa muda wa miaka 3. Kwa lugha zisizotumika kwa jumla katika nchi zilizoendelea, muda huo ulipunguzwa ukawa mwaka 1. Kiswahili ni lugha ya namna hiyo. Leseni hizo ni kwa ajili ya mafundisho, elimu na utafiti, si kwa burudani, kwa hiyo tamthilia ziko nje. Hata hivyo kanuni iliyomo yafaa kukumbukwa: kazi isiyotafsiriwa haijapatikana, na mwenye kuikalia bila kuitafsiri anaweza kudaiwa.

5. Hasara ni ya nani

Msomaji aweza kusema kwamba hasara ya kampuni za Korea na Marekani si jambo la kutukosesha usingizi. Lakini wa kwanza kuumia yu karibu zaidi. Baada ya filamu ya Girlfriend ya mwaka 2003 ilikua haraka Dar es Salaam tasnia ya filamu za Kiswahili, na Steven Kanumba, aliyefariki Aprili 2012, alijulikana mpaka nchi za jirani. Filamu hizo ziliuzwa kwa diski. Mwaka 2013 serikali iliweka kanuni za stempu za kodi kwa diski za muziki na filamu, ili ya halali ijulikane. Stempu, hata hivyo, hubandikwa juu ya kitu chenye jalada. Diski ilipoacha kutumika na flashi ikashika mahali pake, stempu ilikosa pa kukaa.

Katika flashi filamu ya Kiswahili na tamthilia ya kigeni iliyotafsiriwa hukaa pamoja kwa bei ileile. Ya kwanza mtu amelipa wachezaji, kamera na chakula cha watu kwa siku nyingi. Ya pili aliyeiingiza hakulipa ila bando la usiku na koo la msimulizi. Mtengenezaji wa nyumbani hawezi kushindana kwa bei na mshindani asiyekuwa na gharama. Kitu kilichokuwa chake peke yake, yaani Kiswahili, sasa mshindani naye anacho. Mwaka 2017 wasanii waliandamana Kariakoo kupinga uuzaji huo wa filamu za nje. Uchungu wao ulikuwa wa haki, ijapokuwa mlango waliougonga haukuwa ndio wenye kufuli.

Wa pili kuumia ni Kiswahili chenyewe. Mwaka 2019 jumuiya ya SADC ilikikubali kuwa lugha yake rasmi, na mwaka 2021 UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Twafurahi, na ni haki tufurahi. Lakini lugha yenye heshima katika ukumbi wa mkutano, ambayo mwenye kuuza tamthilia haioni kuwa na faida ya kuitafsiria, ina heshima ya upande mmoja. Soko kubwa la tafsiri ya Kiswahili katika siku hizi lipo mikononi mwa watu wanaojificha sheria. Maneno wanayoyazua hayaandikwi. Kazi zao hufutwa flashi inapojaa. Na kijana mwenye kipawa hicho hawezi kukifanya kuwa kazi ya kukopea benki.

6. Lifaalo kufanywa

Yatokanayo na maelezo haya ni machache na ya kawaida. Kwanza, wenye haki wauze kwa kipimo cha mnunuzi: sehemu moja moja, kwa fedha ya simu, na kwa njia isiyotaka intaneti kila saa. Duka la mlimani lipo tayari. Mwenye duka akipewa leseni na sehemu ya mapato atakuwa wakala, wala hana sababu ya kupenda kuwa mwizi.

Pili, tafsiri ya Kiswahili ihesabiwe kuwa sehemu ya bidhaa, si pambo. Wasimulizi wanaojua kazi yao waajiriwe na wenye haki, na majina yao yaandikwe mwishoni mwa tamthilia kama yaandikwavyo ya wapiga picha.

Tatu, lililo letu. Chuo chetu na vyama vya lugha vimekusanya methali, vitendawili, tenzi na istilahi za kila fani. Usimulizi wa filamu haujakusanywa kwa utaratibu huo. Unao msamiati wake, mitindo yake ya usemi ulionukuliwa, na namna zake za kuhamisha desturi ya nchi moja katika maneno ya nchi nyingine. Na kila mwaka sehemu yake hupotea. Kuukusanya kwa utafiti kwataka mashauriano na wanasheria, nao washirikishwe tangu mwanzo. Kazi yaweza kuanzia popote penye duka la flashi. Amani, ambako Mshambaa, Mbondei na watoto wa vibarua wa chai waliotoka mikoa mingi hukaa mbele ya televisheni moja na kucheka kwa Kiswahili kimoja, ni mahali pema pa kuanzia.